Kichwa cha Treni Juu ya Meza: Mwongozo kwa Fundi wa Kasulu na Kibondo

Reli haikuwahi kupanda milima ya Buha, nchi ya Waha. Wajerumani walioanza kuitandika Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 walifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Februari 1914 wakalikuta Ziwa Tanganyika pale Kigoma. Kasulu na Kibondo zilibaki juu, kando ya njia. Hata hivyo watu wa huku waliijua treni ya moshi vizuri kuliko wengi, kwa sababu iliwabeba. Vijana wa Kiha walioandikishwa kwenda mashamba ya mkonge, wale manamba waliokusanywa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kuandikisha vibarua, kuanzia miaka ya 1940, waliteremka hadi relini wakapakiwa nyuma ya kichwa kinachotema moshi, na wengi hawakurudi kwa misimu kadhaa.

Kichwa hicho sasa kinaweza kuundwa juu ya meza ya chakula. Duka la treni za mfano halipo Kasulu wala Kibondo, lakini fundi redio yupo, anayesuka mota yupo, fundi cherehani yupo, na watoto wa huku wamekuwa wakiunda magari ya waya na makopo tangu zamani. Kinachokosekana kwa kawaida si vifaa. Ni uamuzi.

Modeli nyingi huharibika kabla ya kisu kushikwa, pale fundi anapoamua kuunda "treni ya zamani" tu. Treni ya zamani ya wapi, na ya lini? Kabla ya kukata kitu, andika kwenye daftari mambo matatu: kichwa namba ngapi, mwaka gani, kikiwa wapi. Kila kibomba, kila rangi na kila doa la mafuta litatoka kwenye majibu hayo.

Kwa fundi wa Kigoma jibu lililo karibu ni vichwa vya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, EAR, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika. Miaka ya 1950 shirika hilo lilinunua makundi matatu ya vichwa yaliyopewa majina ya makabila. Kundi la 29 lilikuwa na vichwa 31 na kundi la 30 vichwa 26, yote mawili kutoka kampuni ya North British ya Glasgow. Kundi la 31 lilikuwa na vichwa 46 kutoka Vulcan Foundry ya Uingereza. La 29 lina mpangilio wa magurudumu 2-8-2: mawili madogo mbele, manane ya kusukuma, mawili nyuma chini ya kibanda cha dereva. La 30 na la 31 ni 2-8-4, yaani nyuma kuna manne. Kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, kinasimama kichwa 3020 chenye jina la "Nyaturu", watu wa Singida, pamoja na 2921 "Masai of Kenya". Picha zao zinapatikana kwa urahisi mtandaoni, zikiwa zimepigwa kutoka kila upande, na hiyo ni sababu tosha ya kuanza na mojawapo.

Hapa pana mtego. Kwenye makumbusho hayohayo kuna jitu lenye jina la "Mount Gelai", namba 5918, la kundi la 59, lililoundwa na Beyer Peacock ya Manchester. Ni vichwa viwili vilivyounganishwa na boila moja katikati, urefu wa karibu mita 32 na uzito unaozidi tani 250. Hakukuwa na kichwa cha moshi chenye nguvu zaidi ya hicho duniani kwenye reli ya mita moja. Kila anayekiona anataka kukiunda, kisha anakiegesha mbele ya jengo la stesheni ya Kigoma. Jina ni la mlima wa Tanzania, lakini mzigo wake wa tani 21 kwa kila ekseli ulikuwa mzito mno kwa njia ya Tanganyika. Vichwa hivyo vilifanya kazi hasa kati ya Mombasa na Nairobi. Anayekitaka akiunde, ila awe na jukwaa la Voi, si la Kigoma.

Hesabu ya skeli ndiyo inayowachosha watu, ingawa ni kugawanya tu. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Modeli zinazouzwa kwa wingi duniani ni za skeli ya 1:87, na reli yake ina upana wa milimita 16.5, ambao ukizidisha mara 87 unapata milimita 1,435: upana wa SGR ya Dar es Salaam na Dodoma, si wa treni iliyowabeba manamba. Ukikichukua kichwa cha aina hiyo ukakipaka rangi za EAR bila kubadilisha kitu, kitaonekana kimetanua miguu. Zipo reli za milimita 12 zinazofaa skeli hiyo kwa njia ya mita moja, lakini vichwa vyake ni vichache na ghali. Wajerumani wa LGB walioanza kuuza treni kubwa za bustanini mwaka 1968 walichagua reli ya milimita 45 na skeli ya 1:22.5, ambayo inalingana na mita moja barabara; tatizo ni kwamba "Mount Gelai" kwa skeli hiyo lingekuwa na urefu wa mita 1.4.

Njia ya fundi mwenye akili ni kuigeuza hesabu. Chukua reli ileile ya kawaida ya milimita 16.5, kisha badili skeli badala ya reli. Elfu moja ukigawa kwa 16.5 unapata 60 na kidogo. Basi unda kila kitu kwa 1:60, na chasisi ya bei nafuu ya 1:87 inakuwa chasisi halali ya Reli ya Kati. Vichwa vya mfano vya Kimarekani vya 2-8-2, vinavyopatikana vikiwa vimetumika, vina magurudumu ya kusukuma ya kipenyo cha milimita 18 hivi. Kundi la 29 lilikuwa na magurudumu ya futi nne, milimita 1,219, ambayo kwa 1:60 ni milimita 20. Tofauti ya milimita mbili haitaonekana kwa urahisi. Anayetaka la 30 aondoe gurudumu la nyuma na kufunga hapo bogi ndogo ya magurudumu manne kutoka behewa bovu.

Chasisi ikishapatikana, vua kila kitu kilicho juu yake. Mafundi wengi huogopa hatua hii, na ndiyo maana modeli zao hubaki za Marekani zilizovaa shati la Kiafrika. Boila, kibanda na tenda, lile behewa la maji na mafuta linalofuata nyuma ya kichwa, vitengenezwe upya. Boila itoke kwenye bomba la plastiki la maji lenye kipenyo kinachokaribia picha yako, au itoke kwenye mkebe mwembamba uliokunjwa kuzunguka mti wa duara. Kibanda na tenda vitoke kwenye bati la kopo la maziwa ya unga, likatwe kwa mkasi mkali na kunyooshwa kwa kulisugua chini ya ubao. Silinda mbili za mbele? Bomba la sindano la mililita tano, likiwa jipya kutoka duka la dawa, likatwe na kuvikwa bati. Usiokote lililotumika.

Uso wa kichwa ndio unaotazamwa kwanza, kwa hiyo hapo kazi iwe ya uhakika. Vichwa vya Ulaya vina bafa mbili za pembeni. Vya EAR vina kiungo kimoja katikati kinachojifunga chenyewe. Mfano wenye bafa mbili unajisaliti hata kwa mtu asiyejua reli. Ukizikuta kwenye chasisi yako, zing'oe, ziba matundu kwa gundi ya epoksi, piga msasa. Weka taa kubwa moja mbele: sehemu inayoakisi ya balbu ndogo ya tochi inatosha. Chini ya boriti ya mbele funga chuma cha kukinga ng'ombe, kilichokunjwa kwa waya.

Bomba la moshi ndilo linalotaja mwaka. Kichwa kilipotoka kiwandani kilikuwa na bomba la duara. Baadaye EAR ilivifunga vichwa vingi kifaa cha mhandisi wa Austria, Adolph Giesl-Gieslingen, kinachotoa mvuke kupitia matundu madogo yaliyopangwa mstari mmoja ili moto uvute hewa vizuri zaidi kwa mvuke uleule. Ukikitazama kutoka mbele ni chembamba. Ukikitazama ubavuni ni kipana. Kwa hiyo aliyeandika "1956" kwenye daftari lake aweke bomba la duara, na aliyeandika "1968" aweke bapa, baada ya kuhakikisha kwa picha ya namba aliyoichagua. Kwa maoni ya mwandishi, miaka ya 1960 ndiyo yenye utamu: kichwa bado ni cha EAR, bomba limebadilishwa, na kazi imeshaanza kukichakaza.

Sasa mabomba madogo. Hapo ndipo Kasulu inapokuwa tajiri kuliko inavyojidhani. Bomba halisi la milimita 50 linakuwa milimita 0.8 kwenye skeli ya 1:60. Mkono wa kushikilia wa milimita 30 unakuwa nusu milimita. Nyaya za shaba za vipenyo hivyo hutupwa sakafuni kwa kila anayesuka mota upya. Omba mabaki ya unene tofauti, nyoosha kila kipande kwa kukifunga ncha moja kwenye msumari na kukivuta kwa koleo hadi kisalimu amri, kisha kwaruza vanishi yake kwa wembe pale unapotaka kulehemu. Pasi ya fundi redio inatosha. Fuata mantiki ya bomba: linatoka wapi, linapeleka nini? La injekta linapeleka maji kutoka tenda hadi boila. La mvuke linakwenda kwenye silinda. Bomba linaloanza popote na kuishia hewani ni pambo la harusi.

Kuhusu ribiti, kiasi. Karibu kila anayejifunza hujaza vinundu kila mahali, hata kwenye mwili wa boila, wakati boila za vichwa hivi zilivikwa bati laini lenye mikanda myembamba tu. Mikanda hiyo hutengenezwa kwa vipande vya utepe wa gundi vilivyokatwa upana wa milimita moja. Pale ambapo picha inaonyesha vinundu, chukua bati laini la kopo la soda, lilaze juu ya soli ya kandambili, weka juu yake karatasi ya grafu ya mwanafunzi na ubonyeze kila msalaba kwa ncha ya peni iliyokwisha wino. Ukigeuza, vinundu vimejipanga mstari ulionyooka. Kisha libandike. Kwenye tenda, hesabu kwenye picha kwanza. Matangi mengi ya miaka ya 1950 yaliunganishwa kwa kulehemu na hayana vinundu vya kujivunia.

Tenda ina kosa lake maalumu. Fundi huponda mkaa wa jikoni na kuumwaga nyuma, akiamini treni ya moshi lazima iwe na makaa. Vichwa vya makabila viliwaka kwa mafuta mazito. Juu ya tenda kuna tangi lenye mifuniko, ngazi na madoa meusi pale mafuta yalipomwagika wakati wa kujaza, na upande mwingine kifuniko cha maji chenye alama za kutu. Anayetaka kubaki na makaa au kuni arudi nyuma zaidi, kwenye vichwa vya kabla ya EAR; huko atakutana na kazi nyingine nzuri, mabehewa ya wazi ya mwaka 1914 yaliyobeba vipande vya meli *Graf von Götzen* kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Meli hiyo iliundwa Papenburg, ikafunguliwa na kufungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, na leo inaitwa *Liemba*. Masanduku ya vijiti vya kiberiti ni rahisi kuliko kichwa chochote.

Kabla ya rangi, modeli ioshwe kwa maji ya sabuni na mswaki laini, kisha isiguswe tena kwa vidole vitupu. Rangi ya kupuliza ya kopo inafaa. Bora zaidi ni kumlipa kijana anayepaka matangi ya pikipiki, kwa sharti kwamba apulize ukungu mwembamba mara tatu na si mara moja kwa nguvu. Msimu nao una neno. Mvua za nyanda za Kigoma huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili au Mei, na unyevu wake huifanya rangi ipate ukungu mweupe. Paka katika kiangazi, saa nne asubuhi, baada ya umande kukauka na kabla ya upepo kuamka. Mbali na jiko la mkaa, tafadhali: thina huwaka haraka kuliko wengi wanavyotarajia.

EAR walivipaka vichwa vyao damu ya mzee, na sehemu ya mbele ya boila, penye kisanduku cha moshi, nyeusi. Usitumie rangi hiyo kama inavyotoka kwenye kopo. Kitu kidogo hutazamwa kana kwamba kiko mbali, na kwa mbali rangi hupauka. Tone la rangi nyeupe katika kila kifuniko kimoja cha rangi hulitatua hilo. Nyeusi nayo isiwe nyeusi tii, iwe kijivu kizito. Vibao vya jina na namba vichapwe kwenye duka la steshenari: piga picha kibao halisi au kipate mtandaoni, kipunguze hadi ukubwa wa skeli, chapa kwenye karatasi ya picha, kata kwa wembe mpya, paka kingo zake rangi ili weupe wa karatasi usichungulie. Herufi yenye kimo cha sentimita 15 itakuwa milimita mbili na nusu. Inasomeka.

Hadi hapa kichwa kinang'aa, na ndipo wengi huacha. Wasiache. Kichwa cha Reli ya Kati kilitembea kilomita zaidi ya 1,200 kwenye vumbi, na vumbi hilo lina anwani. Chekecha udongo mwekundu wa shambani kwa kipande cha kanga kuukuu hadi ubaki unga, upake kwa brashi laini kuanzia chini kwenda juu: mwingi kwenye bogi na fremu, kidogo kwenye mbavu, karibu hakuna juu ya boila. Juu ni mahali pa masizi. Yakusanye kwa kushikilia kijiko juu ya kibatari, uyapake nyuma ya bomba la moshi na juu ya paa la kibanda, ukivuta kuelekea nyuma kama moshi ulivyopeperuka. Pembeni mwa vali na injekta chora michirizi myeupe iliyopauka, chumvichumvi ya maji magumu inayobaki mvuke ukikauka. Kwenye fimbo za magurudumu weka mng'ao wa mafuta, si vumbi, maana dereva alizipaka mafuta kila siku. Halafu funga yote kwa vanishi isiyong'aa, ipulizwe kwa mbali ili unga usipeperuke.

Acha kipande kimoja safi. Kibao cha jina kilifutwa kwa kitambaa hata pale kichwa kizima kilipokuwa kichafu. Fundi aliyekitunza alijivunia.

Dereva na fayamani wanaweza kuchongwa kwa nta ya nyuki, ambayo Kibondo haijawahi kuikosa. Kimo cha mtu kwa 1:60 ni milimita 28 hivi. Nta ni rahisi kuchonga kwa sindano ya moto, lakini rangi haiishiki na jua la dirishani huilegeza, kwa hiyo itumike kama mfano tu: tengeneza kalibu ya plasta kuizunguka, yeyusha nta itoke, jaza epoksi. Mweke dereva akiwa ameegemea dirishani, kiwiko nje. Mtu aliyesimama wima katikati ya kibanda huonekana anasubiri daktari.

Kwa anayetaka kichwa kitembee, treni za reli ya milimita 16.5 kwa kawaida hutumia umeme wa moja kwa moja usiozidi volti 12. Betri ya pikipiki inautoa vizuri, mradi waya wa kwanza kutoka betrini upitie fyuzi. Nyaya za betri hiyo zikigusana hazitishi tu, zinachoma. Safisha reli kwa kitambaa chenye spiriti kila mara kabla ya kuendesha, na kamwe usipeleke ule unga wa udongo kwenye sehemu ya gurudumu inayokanyaga reli. Gia zipewe tone moja la mafuta ya cherehani. Si mawese, hata kama ndiyo mafuta yaliyo karibu na mkono: yanaganda, na mota itakufa ikihangaika nayo.

Katazo moja ni la moja kwa moja. Boila iliyolehemiwa kwa risasi isijazwe maji na kuwashiwa moto ili kichwa kiende kwa mvuke wa kweli. Lehemu ya kawaida huyeyuka kwa nyuzi kati ya 180 na 190, moto wa spiriti unapita hapo bila shida, na mvuke uliobanwa kwenye kopo ni bomu. Boila za kweli za modeli hufanywa kwa shaba nene, huunganishwa kwa lehemu ya fedha, huwekwa vali ya usalama na hupimwa kwa shinikizo la maji kabla ya kuona moto. Moshi wa sigara unaopulizwa bombani kwa ajili ya picha unatosha kabisa.

Kichwa kikikamilika kitahitaji mabehewa, na la kwanza liwe la abiria wa daraja la tatu, madirisha yakiwa wazi na mizigo imefungwa. Kwa kusafiri na kichwa hadi Kigoma kwenye basi, chonga kisanduku cha mbao chenye sifongo la godoro lililokatwa kwa umbo la kichwa, tenda ikitenganishwa, na kisanduku kikae mapajani, si juu ya keria.